Haianzi na Haijaanza: Juu ya Kutafuta Kasoro za Osileta katika Programu za Kuigiza Saketi

Mwenye redio ampelekeapo fundi chombo chake kilichoharibika, neno lake la kwanza aghalabu ni hili: "Haifanyi kazi." Kwa mwenyewe neno hilo latosha, maana haja yake ni kusikia habari na nyimbo, lakini kwa fundi ni kama mgonjwa amwambiaye mganga "naumwa" asionyeshe pa kuuma. Kazi ya fundi yaanza pale anapolivunja neno hilo moja likawa maneno mengi. Makala haya yahusu kasoro moja ya elektroniki inayowasumbua wanafunzi na mafundi wa siku hizi, nayo ni ya osileta isiyotetema ijengwapo ndani ya programu ya kompyuta. Kwa sura yake ya nje hilo si jambo la lugha. Hata hivyo mwenye kulichungua ataona ya kuwa sababu za kasoro hiyo hupambanuliwa kwa kitenzi, na kwamba kitenzi cha Kiswahili, pamoja na viambishi vyake vya wakati na vya mnyambuliko, chafaa kwa kazi hiyo kuliko inavyodhaniwa na wengi.

Osileta ni saketi ipewayo umeme ulio tulivu, kama ule wa betri, nayo ikautoa katika sura ya wimbi lipandalo na kushuka kwa kipimo kimoja bila kukoma. Hakuna anayeiletea wimbi kutoka nje, hulizaa yenyewe. Redio nyingi za kawaida zina osileta ndani yake, na ikifa hiyo, mshale wa stesheni utazungushwa tangu mwanzo hata mwisho pasisikike kitu ila mvumo. Saa ya mkononi ya kwatsi nayo yaendeshwa na osileta itetemayo mara 32,768 kwa sekunde, idadi ambayo ikigawanywa kwa mbili mara 15 hubaki 1, yaani sekunde yenyewe.

Katika uwanda wa juu wa Ufipa jambo hili lina uzito wa pekee. Mji wa Sumbawanga, ambao jina lake hufasiriwa na wengi kuwa ni amri ya kutupa uchawi, uko kwenye kimo cha yapata meta 1,800, kati ya bonde la Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Kwenda Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara ipitayo Tunduma. Kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Mwanafunzi akiunguza kipande kisichopatikana dukani mjini, hana budi kungoja kingine kije na basi. Kwa miaka mingi hata umeme wa mji huo haukutoka katika gridi ya taifa, bali sehemu yake ilinunuliwa Zambia na sehemu ilitolewa na mitambo ya dizeli. Kwa mtu wa mahali kama hapo, programu impayo nafasi ya kujenga saketi juu ya kioo cha kompyuta, akaijaribu na kuiunguza mara mia bila gharama, si mchezo wa kupotezea wakati. Ndiyo maabara yake.

Programu hizo nyingi ni za ukoo mmoja. Mama yao ni SPICE, iliyoandikwa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley na Laurence Nagel, chini ya uongozi wa mwalimu wake Donald Pederson, ikatangazwa mwaka 1973. Toleo la pili lilitoka mwaka 1975. Siku hizo saketi iliandikwa kwa kutoboa kadi, kadi moja kwa kila mstari, na alama za zama hizo zingali zaonekana, kama itakavyoelezwa baadaye. Programu ilitolewa wazi kwa watu, ikaenea ulimwenguni. Ngspice na LTspice, ambazo hupatikana bila malipo, ni za ukoo huo.

Ili osileta itetemeke yahitaji mambo mawili, yaliyowekewa kanuni na mwanasayansi wa Ujerumani Heinrich Barkhausen (1881-1956). La kwanza, sehemu ya nguvu itokayo katika kikuzaji irudishwe kwenye mlango wake wa kuingilia, nayo baada ya kuzunguka kitanzi chote isiwe pungufu ya ile iliyoanza safari. La pili, irudi kwa awamu iliyo sawa, yaani ifike wakati ule ule inapohitajiwa. Mtoto aliye juu ya bembea ni mfano wa yote mawili. Amsukumaye akisukuma kwa nguvu haba, bembea hupungua mwendo hata ikasimama. Akisukuma kwa nguvu nyingi lakini wakati bembea ingali yamjia, aizuia badala ya kuiendesha.

Wafipa wa zamani walikuwa na mfano wao wa mrejesho, ulio mkubwa zaidi. Tanuru lao la kuyeyushia chuma, liitwalo ilungu, lilifika kimo cha yapata meta 3, wala halikuvuviwa kwa mivukuto. Joto lilipanda, likavuta hewa mpya kwa matundu ya chini, na hewa hiyo ikazidisha moto, na moto ukazidi kuvuta hewa. Mivukuto ilitumika baadaye tu, katika tanuru dogo la kusafishia. Tanuru si osileta, kwa kuwa moto wake haupandi na kushuka kwa zamu. Lakini lafundisha jambo ambalo vitabu vingi vya elektroniki hulipita upesi. Mrejesho hauzai kitu kutoka katika utupu. Lazima kwanza awepo mtu wa kutia kaa la moto.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya kwanza, tena iliyo kubwa. Saketi iliyojengwa mezani kwa transista na waya haikosi kaa hilo. Umeme uwashwapo huingia kwa kishindo; joto la chumba huzitikisa chembe za umeme ndani ya kila rezista, na mtikisiko huo, ambao mafundi huuita kelele, haukomi kamwe. Kelele hiyo ni ndogo mno, lakini kitanzi huichukua, huikuza, huizungusha tena, hata likapatikana wimbi kamili. Programu haina kelele. Kabla ya kuanza kuhesabu mwendo wa saketi kwa wakati, hutafuta kwanza hali ya utulivu, yaani volti za kila mahali ambazo kwazo hakuna kinachobadilika, kisha huanzia hapo. Ikiisha kuipata hali hiyo, na ikiwa hakuna kitu cha kuivuruga, hubaki hapo. Kioo huonyesha mstari ulionyooka. Mwanafunzi hudhani amekosea kuchora, akaanza kubomoa saketi isiyo na kosa.

Programu hapo haikusema uongo. Bembea iliyoning'inia wima katika ulimwengu usio na upepo wala mtoto itabaki wima milele, na aliyeuliza itafanya nini amejibiwa kwa haki. Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa transista mbili ziwashazo taa mbili kwa zamu, ambao wanafunzi wengi huujenga wa kwanza. Kila transista yangoja mwenziwe azimike ndipo yeye awake. Mezani hakuna transista mbili zilizo sawa kabisa, hata zikitoka katika mfuko mmoja, basi moja hutangulia na mchezo ukaanza. Katika programu zote mbili ni nakala ya maelezo mamoja, mapacha wasio na tofauti hata ya unywele. Hakuna wa kutangulia, na taa zote mbili hubaki zimewaka.

Kasoro hii yaitwa kwa haki "haianzi". Dawa yake ni kuitia programu kaa la moto: kapasita moja ipewe volti kidogo wakati wa sifuri, tuseme sehemu moja ya kumi ya volti, au chanzo cha umeme kipandishwe kutoka sifuri badala ya kudhaniwa kuwa kiliwaka tangu kale, au mkondo mdogo upigwe mara moja kisha ukatwe. Kwa zile taa mbili yafaa kapasita moja ipewe volti ya mwanzo iliyo tofauti na ya mwenziwe, ili upacha uvunjike.

Lakini si kila mstari ulionyooka una maana hiyo. Katika osileta ya kwatsi ya saa iliyotajwa juu, kioo cha kwatsi hupoteza nguvu kidogo sana kwa kila mtetemo, na kwa sababu hiyo hiyo hukua polepole sana. Kwatsi ambayo ubora wake ni 50,000, kipimo kisicho kigeni kwa vioo vya namna hiyo, yahitaji yapata nusu ya sekunde ili wimbi lake likue au lipungue kwa kiasi cha kuonekana. Mwanafunzi aiagizaye programu ihesabu sehemu 10 za elfu za sekunde ameiruhusu mitetemo isiyozidi 330, ilhali saketi yataka maelfu. Kaa la moto amelitia, saketi ni nzima, na kioo hakionyeshi kitu. Hiyo si "haianzi". Ni "haijaanza".

Wataalamu wa sarufi wajua jinsi kiambishi -ja- katika ukanushaji kilivyo na ahadi ndani yake. Asemaye "mvua hainyeshi" ametoa habari. Asemaye "mvua haijanyesha" ametoa habari na kuacha mlango wazi. Katika kutafuta kasoro, mlango huo wazi ndio ulio na thamani, kwa maana waelekeza mkono. Aliye na "haianzi" hana budi kubadili mwanzo wa saketi. Aliye na "haijaanza" asiiguse saketi, aongeze muda. Na kuongeza muda kuna bei yake. Sekunde moja ya kwatsi hiyo, ikihesabiwa kwa hatua 50 katika kila mtetemo, ni hatua zaidi ya milioni 1.6, na kompyuta ndogo itakuwa na kazi ya kukesha. Wajuzi huiepuka kazi hiyo kwa kuipa kwatsi mkondo wa mwanzo ulio karibu na ule wa mwisho, hivyo wakauruka muda wa kukua.

Aina ya tatu ni osileta iliyoanza ikafa. Ichukuliwe saketi ya kikuzaji kimoja kigeuzacho ishara, yenye rezista tatu za kiloomu 10 na kapasita tatu za nanofaradi 10 katika njia ya kurudia. Hesabu yaonyesha kuwa itatetema mara 650 hivi kwa sekunde, na kwamba njia hiyo huipunguza ishara mara 29. Basi kikuzaji hakina budi kuikuza mara 29 au zaidi. Rezista inayoamua ukuzaji ingefaa iwe kiloomu 290, nayo haiuzwi kwa kawaida. Madukani kuna 270 na kuna 330. Kwa 270 ukuzaji ni mara 27: wimbi laonekana mwanzoni, lapungua kila likizunguka, lapotea. Kwa 330 ukuzaji ni mara 33, wimbi lakua mpaka likagonga dari la volti za betri na kubapa kileleni. Mezani, kwa kuwa rezista hutofautiana na maandishi yake kwa asilimia 5 huku na huku, yawezekana ile ya 270 ikatetema kwa bahati. Programu haina bahati. 270 ni 270.

Ilianza ikafa yaweza pia kuwa kosa la mhesabuji. Programu haiufuati wakati kama mto uendavyo, bali hupiga hatua, na kati ya hatua na hatua hukisia. Njia mojawapo ya kukisia, ile ya Euler ya kurudi nyuma, hula nguvu ya wimbi kidogo kidogo. Koili na kapasita zisizo na upotevu wowote zingepaswa kutetema milele. Zikihesabiwa kwa njia hiyo kwa hatua 10 katika kila mzunguko, baada ya mzunguko mmoja tu wimbi limebaki chini ya sehemu moja ya tano. Hata kwa hatua 50 karibu theluthi imeliwa. Njia ya trapeza, ambayo SPICE huitumia isipoambiwa vingine, haili nguvu hiyo, nayo ndiyo ifaayo kwa osileta.

Walakini trapeza ina ila yake, tena ya kinyume: saketi ikibadilika ghafula, kama swichi ifungwapo, yaweza kuonyesha mtetemo mahali pasipo na mtetemo, juu na chini kwa kila hatua. Mwanafunzi akafurahi kuwa osileta yake imeamka. Kupambanua ni rahisi. Hatua zipunguzwe zikawa nusu: mtetemo wa saketi hubaki na kasi ile ile, na ule wa programu huongeza kasi mara mbili, maana ni mtoto wa hatua zenyewe. Kwa Kiswahili tofauti hiyo yabebwa na mnyambuliko tu. Saketi ya kwanza inatetema. Ya pili inatetemeshwa.

Ziko pia kasoro za maandishi, ambazo msomaji wa nyaraka za kale atazielewa upesi kuliko mhandisi. SPICE haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Aandikaye 1M akikusudia megaomu moja amesomwa kuwa ameandika miliomu moja, kosa la mara bilioni moja. Mega huandikwa MEG. Aandikaye 1F kwa kapasita ya faradi moja amesomwa kuwa ametaka femto, yaani sehemu moja ya bilioni ya milioni. Na mstari wa kwanza wa maelezo, tangu zama za kadi, huhesabiwa kuwa ni anwani ya kazi hata ukiwa na nini ndani yake. Aliyeanza moja kwa moja na rezista yake ya kwanza ameipoteza, na osileta yenye rezista mbili badala ya tatu haitafuata hesabu aliyoifanya. Mwisho, kila saketi lazima iwe na mahali panapoitwa sifuri, ambapo vitabu hupaita ardhi. Ardhi hiyo si udongo. Ni mahali pa kuanzia kupima, kama usawa wa bahari ulivyo kwa vilima vya Ufipa.

Neno lililo gumu zaidi ni awamu. Fundi wa umeme wa majumbani ana neno fezi, na kwake fezi ni waya, ule uchomao, tofauti na nyutro. Aambiwapo kwamba ishara "imekosea fezi" huenda kutazama nyaya, na kwa mujibu wa kazi yake amefanya sawasawa. Kwa sababu hiyo yafaa neno awamu liachwe kwa maana ya wakati wa wimbi, na fezi ibaki kwa wenyewe.

Mwanafunzi wa Sumbawanga hujifunza sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha kwa Kiingereza katika sekondari, na akienda kwa fundi hurudi kwenye Kiswahili. Waundaji wa istilahi hawakumsahau. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990. Lakini ni desturi ya orodha za istilahi kuyapendelea majina ya vitu, ilhali palipo na kasoro jina la kitu halijapotea. Kilichopotea ni mwendo wake. Mtu aweza kujua kapasita, transista na kikuzaji, akakosa bado njia ya kusema kile anachokiona kiooni.

Kuhusu mwendo wenyewe, Kiswahili kina vitenzi vya kuchagua. Yumba ni ya chombo kinachokaribia kupinduka, nayo haina kipimo. Wayawaya ina dalili ya kutotulia kuliko ya kurudia. Bembea ina kipimo na ina msukumaji, na kwa kufundishia hakuna iliyo bora. Ila mtu asikiaye bembea huona kitu kiendacho polepole, si mara milioni kwa sekunde. Tetema yafaa kwa kasi, tena hutoa maumbo yote yaliyohitajiwa hapo juu bila taabu: haitetemi, haijatetema, ilitetema ikafa, inatetemeshwa. Ubaya wake ni ujamaa wake na mtetemeko wa ardhi, na katika bonde la Rukwa hilo si jambo la vitabuni tu, kwa kuwa tarehe 13 Desemba 1910 palitokea huko mtetemeko wa kipimo cha 7.4, mojawapo ya mikubwa iliyopata kupimwa katika Afrika. Mtetemeko wa ardhi hauna wa kuurudishia nguvu. Hutikisa, hupungua, hukoma. Osileta itetemayo namna hiyo ni ile yenye rezista ya kiloomu 270.